Mpira wa Kioo cha Bi Mdogo

Koleta aliapa siku ya Pasaka, mbele ya masista wawili na katekista, kwamba hatapanda tena gari la mumewe mpaka siku atakayopandishwa amelala. Na hakuna wa kumlaumu. Kutoka kwao Vumari, juu mlimani, hadi kanisa kuu la Same, mvua iliwapiga njia nzima, na ile kona ya juu ya kioo cha mbele, upande wake yeye, ikawa inamdondoshea maji mapajani, tone baada ya tone, bila kukosa shabaha hata mara moja. Alipoitwa kupeleka matoleo, alipita katikati ya kanisa na kapu lake la ndizi mikononi na doa kubwa la maji mbele ya gauni la kitenge. Mtoto mmoja, ambaye kwao hawajamfundisha kunong'ona, akauliza, "Mama, yule bibi amejikojolea?"

Mabenchi matatu ya mbele yalishikwa na kikohozi kwa pamoja. Koleta alifikisha kapu, akainama, akarudi mahali pake huku anatazama vigae vya sakafuni. Hakumwambia mumewe neno mpaka walipotoka nje. Hapo ndipo alipoapa, kisha akarudi nyumbani kwa bodaboda.

Gari lenyewe lilikuwa Datsun ya mbio, ya milango miwili, rangi ya chungwa, pua ndefu na mkia mfupi, na umri wake ulimzidi hata Vitus, mtoto wao wa kwanza, aliyekwisha kuota mvi. Meneja wa shamba la mkonge alimwachia fundi wake, Melkizedeki, mume wa Koleta, siku alipofungasha kurudi kwao Ulaya. Kijiji kililiita Bi Mdogo, na sababu aliijua kila mtu. Kila Jumamosi asubuhi Melkizedeki alilipelekea gari lile ndoo ya maji ya uvuguvugu, akaliogesha kwa sabuni na kitambaa laini. Katika miaka yote ya ndoa yake, hakuna jirani aliyemwona akimpelekea Koleta maji ya uvuguvugu. Koleta alicheka pamoja na waliocheka. Lakini jambo lenyewe alikuwa ameliona, na lilimuuma.

Sasa ilikuwa Novemba, vuli imeshaanza kugonga mabati, na Jumamosi ingekuwa jubilei yao ya miaka hamsini ya ndoa, misa saa nne. Watoto walishapanga mapambo, chakula na mpiga picha. Melkizedeki alitaka kitu kimoja tu, nacho alikisema bila kuzunguka: kuteremka mlima siku ile akiendesha Bi Mdogo, mkewe amekaa pembeni yake.

"Likiwa kavu, nitapanda," Koleta alimjibu. "Lakini nitapima mwenyewe. Nikiona tone moja naenda na gari atakalokuja nalo Vitus, nawe utanikuta kanisani."

"Halitavuja. Si mpira mpya upo?"

"Haya. Tutaona."

Mpira huo ni ule mkanda mweusi unaokizunguka kioo cha mbele na kukishikilia kwenye bodi. Wa zamani ulikuwa umepasuka nyufa kama kisigino cha mtu wa shamba. Fortunata, binti yao aliyeko Dar es Salaam, alitafuta mpya mtandaoni mpaka macho yakamuuma, akauagiza kutoka nje, ukafika Same kwa basi mwezi wa sita, laini kama utumbo. Melkizedeki aliupokea kwa mikono miwili. Hakuufunga siku ile. Aliutunza kungoja jubilei, kama mtu anavyotunza suti mpya kungoja harusi. Akamkabidhi mkewe, akasema, "Mama Vitus, niwekee huu mahali pazuri kuliko pote katika nyumba hii."

Na Koleta akauweka.

*

Alhamisi asubuhi Melkizedeki aliita jirani yake Tumainieli, mwenyekiti wa kitongoji, wakaanza kazi. Walikata mpira wa zamani kwa kisu cha kuchunia ngozi. Tumainieli akalala chali kwenye viti, akasukuma kioo kwa nyayo zilizovikwa soksi, Melkizedeki akakipokea nje, wakakilaza juu ya godoro uani. Kioo kile kilikuwa kimoja. Kikivunjika, hapakuwa na cha pili Same, wala Moshi, wala Mombasa. Wakasugua kutu kwenye mdomo wa bodi kwa msasa mpaka chuma kikang'aa.

"Mama Vitus! Lete mpira!"

Koleta alitoka jikoni akiufuta kwa ncha ya kanga. Melkizedeki aliushika akajaribu kuukunja. Haukukunjika. Ulilia kama mlango wa ghala, ukarudi ulivyokuwa. Akajaribu tena kwa goti, kama mtu anayevunja kuni.

"Huu ni mpira au ni fimbo?" alisema. Uso ulimshuka. "Umeungua. Moto tu ndio unaoufanya mpira hivi, joto la siku nyingi. Sijui waliulaza kwenye bohari gani la bati huko walikotoka, wakatuuzia maiti!"

"Si ulikuwa laini ulipofika?" Tumainieli aliuliza.

"Ulikuwa unajifanya laini! Vitu vya siku hizi hivi."

Tumainieli alivuta hewa puani, mara moja, mara ya pili. Akamtazama Koleta. Koleta akatazama kuku. Ghafla mwenyekiti akakumbuka kwamba ana shughuli kwake, akaaga.

Nyumba ya Mpare wa milimani ina mahali pamoja panapozidi sanduku, kabati na benki kwa usalama, napo ni dari la jikoni, juu ya mafiga. Pale ndipo zinapokaa mbegu za mahindi na za maharage, kwa sababu moshi hauwapi nafasi dumuzi wala panya. Mama yake Koleta aliweka pale, na bibi yake aliweka pale. Alipoambiwa mahali pazuri kuliko pote, Koleta hakufikiri mara mbili. Alifunga ule mpira ndani ya kanga yake nzuri, akapanda ngazi, akaulaza. Kwa miezi mitano makande yakatokota chini yake asubuhi na jioni.

Mtu yeyote mwenye pua angejua. Lakini pua ya Melkizedeki ilishakufa kwa dizeli na petroli za karakana ya mkonge tangu enzi zile. Alichukua simu, akabonyeza pa kurekodia sauti, na mbele ya mkewe akasema na Dar es Salaam kwa hasira.

"Fortunata, umetapeliwa, na mimi umeniaibisha. Jambo dogo la kununua mpira limekushinda. Kama ulikuwa huna muda ungesema huna muda."

Koleta alifungua kinywa. Neno lilifika kwenye ulimi, likakaa pale, likarudi. Aliingia jikoni, akasimama chini ya dari lile jeusi na mikono kichwani.

*

Vitus alifika alasiri kutoka Moshi, anakofanya kazi benki, akiendesha Prado nyeupe aliyoazima kwa rafiki yake. Aliiegesha mbali kidogo na Bi Mdogo, kana kwamba uzee unaambukiza. Akamwamkia baba yake, akaushika ule mpira, akaunusa. Halafu akaenda moja kwa moja jikoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Umefika salama?"

"Salama. Mama, ule mpira unanuka moshi."

Koleta aligeuza makande yasiyohitaji kugeuzwa. "Kila kitu cha humu kinanuka moshi. Hata wewe ulipokwenda sekondari ulinuka moshi."

"Ulikuwa darini?"

"Punguza sauti!"

Vitus alicheka kwa mabega, bila sauti. "Basi nyamaza hivyo hivyo. Mungu kaamua mwenyewe. Prado ipo, ina kiyoyozi, ina viti vya ngozi. Mama, bosi wangu anakuja. Watu wa maana wanakuja. Tuwaonyeshe lile debe la rangi ya chungwa?"

"Debe hilo lilikukimbiza hospitali siku ulipokuwa na degedege."

"Najua, mama. Umenieleza kila Krismasi."

Lakini Koleta alivutwa, tusifiche. Kunyamaza kulikuwa rahisi sana. Angekwenda kanisani mkavu, ndani ya kiyoyozi, na Bi Mdogo angebaki nyumbani ameng'olewa kioo, na hakuna ambaye angejua. Hata moyo wake ulifurahi kidogo, ule moyo wa mke mkubwa. Kisha akasikia simu ya mumewe ikilia uani. Jibu la Fortunata lilikuwa limefika, na Melkizedeki, ambaye masikio nayo hayakuwa mazuri, aliliweka kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani.

"Baba, shikamoo. Naomba unisamehe." Sauti ya Fortunata ilikuwa imelowa. "Nilimwamini yule muuzaji, baba. Niliuliza watu. Nimemwandikia sasa hivi nikamwambia ni mwizi. Nilitaka mama akae pembeni yako, ndiyo maana nilihangaika. Nisamehe."

Koleta alichungulia mlangoni, akamwona mumewe ameingia ndani ya gari lisilo na kioo, upepo wa mlima unampiga usoni. Alikuwa anafuta kiti cha abiria kwa kitambaa. Alikifuta kwa muda mrefu, kisha akakiwekea mto, akaupapasa mto ule kuona kama umekaa vizuri.

Makande ya siku ile yaliungua. Vitus peke yake aliomba kuongezewa.

*

Ijumaa asubuhi ua ulijaa. Blandina, mwenyekiti wa jumuiya, alikuja na akina mama wawili wamebeba lile sufuria kubwa la jumuiya la kupikia pilau. Tumainieli alikuja na kisu cha kuchinjia mbuzi. Vitus alikuwa anaisugua Prado. Melkizedeki amekaa kwenye kigoda karibu na kioo chake, shavu mkononi, kama mfiwa anayengoja wageni.

Koleta alijifunga kanga kiunoni, akasimama katikati ya ua.

"Msiendelee kwanza," alisema. "Fortunata hakutapeliwa. Mpira niliuharibu mimi. Niliuweka darini, juu ya moto, miezi mitano. Jana baba alipomgombeza mtoto nilikuwepo, nikanyamaza."

Vitus alidondosha kitambaa. Wale akina mama wakatua sufuria.

Sisi Wapare watu wanatutania kwamba tunaweza kuuza ng'ombe ili kuendesha kesi ya kuku. Ni uzushi, ila si uzushi mtupu. Kabla mtu hajahesabu kumi, benchi lilikwisha sogezwa, Tumainieli amekaa katikati yake, na kisu cha mbuzi kimewekwa chini kwa heshima ya mahakama.

"Mlalamikaji ana la kusema?" aliuliza.

Melkizedeki alisimama. Hakuwa na mzaha. "Mimi nilisema nini, Mama Vitus? Nilisema mahali pazuri kuliko pote!"

"Na mimi nikaweka mahali pazuri kuliko pote," Koleta alijibu, naye sauti imepanda. "Ulitaka niuweke stoo, panya waule? Chini ya kitanda, uote ukungu? Mbegu zetu ziko pale. Cheti chetu cha ndoa kiko pale, ndani ya mkebe, miaka hamsini, hakijaguswa na mdudu. Hicho kimeharibika?"

"Cheti chetu kiko darini?"

"Kilikuwa wapi siku zote? Umewahi kuuliza?"

Mzee alikaa. Alitazama mlango wa jikoni, ule mlango mfupi mweusi ambao yeye mwanamume hupita mara chache. "Kwa hiyo mpira wangu uliuweka pamoja na cheti," alisema taratibu.

"Juu yake. Niliufunga kwa ile kanga ya sikukuu."

Melkizedeki alifuta uso kwa kiganja, akachukua simu, akampigia binti yake mbele ya watu wote. Kumwomba radhi mtoto hadharani si jambo dogo kwa mzee wa umri wake, na masikio yake yalimwiva. Lakini alisema kwa sauti iliyonyooka.

"Fortunata, mwanangu, nimekukosea. Nisamehe. Mpira ulikuwa mzuri. Mama yako aliukausha darini pamoja na mahindi."

Upande wa pili kikapasuka kicheko kilichosikika ua mzima. "Mama! Darini? Jamani, na mimi nimeshamtukana yule Mzungu wa watu! Ngoja nimwandikie tena!"

"Mahakama imefungwa," alisema Tumainieli. "Tuchinje mbuzi."

"Bado," alisema Koleta. "Maharage ya darini yanakuwa magumu kama kokoto, na bado mnayala kila siku. Huwa nayafanyaje?"

"Unayaloweka," Melkizedeki alijibu bila kufikiri. Kisha akafikiri. Ufundi ukamrudi machoni. Aliukamata mpira, akaukandakanda kwa kidole gumba. "Haujapasuka. Umekauka tu. Maji ya moto yataulainisha... lakini ukipoa utarudi kuwa fimbo, na hapa mlimani kitu kinapoa upesi. Inabidi uingie wote kwa mara moja, kona nne, ungali wa moto. Mimi na Tumainieli hatutoshi. Inataka mikono ishirini, na chombo cha kuuzamisha wote."

Macho yote yalienda kwenye sufuria la jumuiya.

"Thubutu!" Blandina alilikumbatia. "Hili ni sufuria la pilau! Padre anakula humu!"

"Tutalisugua kwa majivu," alisema Koleta.

"Kwa majivu na ndimu."

"Na ndimu. Mara tatu."

Blandina aliachia mkono mmoja, kisha wa pili. Ilibaki mikono ya watu. Koleta alimgeukia Tumainieli. "Mwenyekiti, piga pembe."

"Pembe? Ya msaragambo?" Tumainieli alishtuka. Huko kwetu pembe ile ikilia, kila nyumba hutoa mtu wa kazi, apende asipende. "Mama Vitus, msaragambo ni wa kusafisha bwawa la ndiva, wa barabara, wa shule. Nikiupiga kwa gari la mtu, mwezi ujao nitaitwa kuhamisha kabati la mtu."

Aliyemjibu ni Blandina, bado na huzuni ya sufuria. "Mwanangu Brightness alizaliwa wapi?"

"Hospitali, Same."

"Nusu! Nusu ya kwanza ilizaliwa kwenye kiti cha Bi Mdogo, mzee huyu anaendesha huku amefumba jicho la upande wangu kwa adabu. Na marehemu baba yako siku nyoka alipomgonga, aliteremshwa na nani? Na saruji ya ndiva ilipandishwa na gari gani?"

Tumainieli alikwenda kuchukua pembe.

*

Pembe haielezi kazi. Ilipolia watu walikuja wakikimbia, kila mmoja na jembe begani, wakidhani ndiva imebomoka. Walipokuta gari, wengine walicheka mpaka wakakaa chini. Lakini hakuna aliyerudi. Majembe yaliegemezwa ukutani, mikono ikaoshwa.

Maji yalikuwa yamepata moto, si wa kuchemka, ule wa kuoga mtoto ukiongeza kidogo. Koleta ndiye aliyepima kwa kiwiko. Mpira ulizama sufuriani, na moshi wa miezi mitano ukapanda na mvuke. "Jamani, unanuka makande!" mtu alipiga kelele, na hata Blandina akacheka. Baada ya muda Koleta aliuinua kwa mwiko. Ulining'inia laini, kama ulivyokuwa siku ulipotoka kwenye basi.

"Haraka sasa!" Melkizedeki alikuwa kijana tena. Waliuvalisha kwenye kioo pande zote. Katika mfereji wa nje wa mpira akalaza kamba ya nailoni iliyopakwa sabuni ya maji, kuzunguka kioo chote, ncha zake mbili zikiachwa zining'inie kwa ndani. Watu wanane wakakiinua kioo, wakakisimamisha mahali pake. Kazi iliyobaki ni ya mtu mmoja aliye ndani ya gari: kuvuta kamba polepole, nayo kamba inyanyue mdomo wa mpira na kuupitisha juu ya chuma, inchi kwa inchi, wakati walio nje wanasukuma kwa viganja.

Vitus aliruka ndani, shati la benki na yote. Akavuta kama mtu anayevuta ng'ombe. Kioo kikalia, krii.

"Toka!" baba yake alifoka. "Utakivunja! Aingie mtu mwenye subira."

Vidole vya Melkizedeki mwenyewe havikunjiki vizuri siku hizi. Alitazama watu wote wale, kisha akamtazama mkewe, ila hakumwomba, kwa sababu alikumbuka kiapo.

"Niliapa sitapanda," Koleta alisema.

"Gari lisilotembea halipandwi," aliamua Tumainieli, akiwa ameshika kona yake. "Hicho ni kiti tu. Ingia, mama, mpira unapoa!"

Koleta aliingia. Alikalia mto uliowekwa jana, akazungusha kamba kwenye vidole vyake ambavyo vimechambua maharage miaka hamsini, akaanza kuvuta. Hakuwa na haraka, lakini hakusimama. Mdomo wa mpira ukapanda juu ya chuma, tap, tap, tap. Chini ukaisha. Upande wa dereva ukaisha. Juu ukaisha. Ikabaki ile kona, ile ya Pasaka.

Nje ya kona ile alikuwa amesimama Melkizedeki, viganja viwili juu ya kioo, uso karibu kugusa. Walitazamana. Si mara nyingi wazee hawa wanatazamana hivyo, kuna kuku, kuna wajukuu, kuna mambo. Mpira ulikuwa unaanza kuwa mgumu. Koleta aliusikia kwenye kamba.

"Sukuma, Baba Vitus."

"Nasukuma. Vuta taratibu."

"Navuta."

"Ongeza kidogo."

Kioo kililia tena, na watu ishirini wakaacha kupumua. Kisha, tap! Kamba ikatoka yote, ikamwangukia Koleta mapajani.

Hapo kila aliyekuja na jembe alipiga kelele. Tumainieli alitaka kupiga pembe tena, akazuiwa. Vitus alisimama pembeni, shati limejaa povu na masizi, akamwona mama yake bado ameketi ndani ya gari na kamba mapajani akicheka na machozi yakimtoka. Akakohoa.

"Prado itabeba sufuria," alisema.

*

Koleta alipima, kama alivyosema. Jumamosi alfajiri alimwaga ndoo tatu juu ya kioo, akapitisha leso kwenye kona kwa ndani, akaikamua. Haikutoa kitu. Akaenda kuvaa gauni lile lile la kitenge cha Pasaka, ingawa Fortunata, aliyefika usiku na basi, alimletea jipya.

Mvua iliwakuta nusu ya mteremko, mvua ya vuli isiyobisha hodi. Bi Mdogo aliteremka kona kwa kona, nyuma yake Prado imejaa sufuria na akina mama, na Melkizedeki alikuwa akitupa jicho pembeni mara kwa mara kuliko usalama unavyoruhusu.

"Tazama mbele!" Koleta alimwambia. "Pakavu. Ila linanuka."

"Linanuka nini? Petroli?"

"Linanuka jikoni kwangu."

Melkizedeki alivuta pua yake mfu kwa nguvu zote, hakupata kitu, akatabasamu hata hivyo.

Kanisani, walipoitwa mbele kurudia ahadi zao, Koleta alimwona yule mtoto wa Pasaka mwisho wa benchi. Alisimama. Maandamano yote yakasimama nyuma yake. Akachukua mkono wa mtoto, akaupitisha mbele ya gauni lake. "Haya, sema."

"Kavu!" mtoto alitangaza, na kanisa lote likasikia, kwa sababu bado walikuwa hawajamfundisha kunong'ona. Safari hii hakuna aliyejificha kwenye kikohozi. Walicheka wazi, na padre akacheka nao. Pilau nayo ililiwa yote, ingawa wawili watatu waliuliza mpishi ameweka kiungo gani.

Jumamosi iliyofuata wageni walikwisha ondoka na kijiji kilirudi kwenye shughuli zake. Blandina alikuwa anapita njiani na mzigo wa majani alipomwona Melkizedeki ametoka jikoni, mlango ule mfupi, masizi kwenye paji la uso, amebeba ndoo ya maji yanayofuka mvuke. Alisimama amtanie, kama kawaida. Lakini mzee alipita mbele ya Bi Mdogo bila kugeuza shingo, akazunguka nyuma ya nyumba hadi kwenye bafu la makuti, akaitua ndoo pale.

"Baba Vitus," sauti ya Koleta ilitoka ndani ya bafu, "umepotea njia? Bi Mdogo yuko kule mbele."

"Yeye leo ataoga ya baridi," alisema Melkizedeki. "Angalia kwa kiwiko kama yamezidi moto."

Kisha mkono ukatoka nyuma ya makuti, ukaivuta ndoo ndani.